Mwanagenzi na Shaka Lake: Maelezo Juu ya Kuomba Nafasi ya Kujifunza Kazi ya Programu

Katika mambo yanayowazuia vijana kuingia katika kazi ya kuandika programu za kompyuta, liko moja lisiloandikwa katika cheti wala katika ripoti ya mwisho wa muhula. Nalo ni shaka la mtu juu ya nafsi yake. Kijana amesoma, amefanya mazoezi, na mwalimu wake anamsifu. Lakini aonapo tangazo la nafasi ya kujifunza kazi hulisoma mara tatu, hutikisa kichwa, kisha huliacha lipite. Hakuna mtu aliyemkataa. Amejikataa mwenyewe, na wale waliotoa tangazo hawatajua kamwe kwamba alikuwapo.

Jambo hili si dogo. Nafasi hizi ndizo mlango ambao watu wengi huupitia kutoka darasani kwenda kazini, na mtu asiyebisha hodi hawezi kufunguliwa. Wengi wetu hatujafikia umri wa kuziomba, lakini tabia ya kujikataa huanza mapema, tangu pale mwanafunzi anaponyamaza darasani akidhani kwamba wote wanajua ila yeye. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili sasa, tujue shaka hilo hutoka wapi, lini lina haki ya kusikilizwa, na mtu afanye nini ili lisimfungie mlango.

UANAGENZI NI KITU GANI

Tangu zamani kila ufundi una wanagenzi wake. Katika pwani yetu kijana aliyetaka kujua kuunda mashua alikwenda kukaa na fundi. Mwanzo alishika ubao tu, akaleta misumari, akatazama. Baadaye akapewa kutia kalafati, na baada ya muda mrefu akaachiwa kupima na kukata mbao. Siku ya kwanza fundi hakumwuliza kama anajua kuunda jahazi. Kama angalijua, asingalikuja.

Ndivyo ilivyo katika kazi ya programu. Makampuni, idara za serikali na vyuo huwapokea vijana kwa muda wa majuma kadhaa au miezi michache, ili wajifunze kazi chini ya msimamizi. Wengine huyaita mafunzo kwa vitendo, wengine mafunzo kazini, wengine utarajali. Hapa nitatumia neno uanagenzi, maana ndilo linalotukumbusha vizuri zaidi kwamba anayeomba ni mtu ajaye kujifunza.

Nafasi hizi ni za namna nyingi. Wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya ufundi hupelekwa kazini na vyuo vyao wakati wa likizo, nao huandika katika daftari kila siku kazi waliyoifanya. Makampuni nayo hutoa matangazo yao wenyewe. Tena ziko nafasi za kimataifa ambazo kijana huzifanya akiwa kwao, kwa njia ya intaneti. Mojawapo ni Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Tangu mwaka 2022 watu wengine wanaoanza kazi hii wanaweza kuomba pia, wakiwa wametimiza miaka 18. Nyingine ni Outreachy, ambayo hutafuta hasa watu wa makundi yaliyo machache katika kazi hii. Wanaopokelewa husaidia kujenga programu ambazo maagizo yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyatengeneza.

Baadhi ya programu hizo ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani. OpenMRS, ambayo hutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004, nayo ilitokana na kazi iliyofanywa Eldoret, Kenya, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, Marekani. Leo inatumika katika nchi nyingi, na kwa miaka mingi imepokea wanagenzi kwa njia ya Google Summer of Code. Walioijenga huweka kando kazi ndogo ndogo kwa ajili ya wageni, ili mtu aanze na jambo analoliweza. Basi hata mahali pakubwa namna hiyo wanajua kwamba ajaye hajui, nao wamemwekea kiti.

SHAKA HUTOKA WAPI

Mwaka 1978 wanawake wawili wataalamu wa elimu ya nafsi, Pauline Clance na Suzanne Imes wa Atlanta, Marekani, waliandika juu ya jambo waliloliona kwa wanawake zaidi ya 150. Wanawake hao walikuwa wamefaulu: wengine walikuwa na shahada za juu, wengine waliheshimiwa katika kazi zao, wengine walikuwa wanafunzi hodari. Hata hivyo wengi wao waliamini kwamba hawastahili kuwa pale walipo. Walidhani wamefika kwa bahati, au kwa kosa la mtahini, na kwamba siku moja watafichuliwa. Baadaye ilionekana kwamba wanaume nao hupatwa na jambo hilo.

Tena mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, David Dunning na Justin Kruger, waliwapa watu mitihani, kisha wakamwuliza kila mmoja anadhani amesimama wapi miongoni mwa wenzake. Walioshika mkia walidhani kwamba wamewapita wengi. Walioshinda sana walijiweka chini kuliko mahali pao pa kweli, kwa kuwa walidhani yaliyokuwa mepesi kwao yalikuwa mepesi kwa wote.

Hapo tunapata fundisho kubwa. Hisia ya mtu juu ya uwezo wake si mizani ya kuaminika. Asiyejua aweza kujiona fundi, na ajuaye aweza kujiona si kitu. Mtu asinunue sukari kwa mizani ya namna hiyo, sembuse kuamulia maisha yake.

Lakini katika kazi ya programu liko jambo jingine linalozidisha shaka. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja moja. Ukikosea alama moja tu, mashine hukataa, au hutoa jibu la ajabu. Mwanafunzi wa historia akikosea tarehe katika insha yake atajua juma lijalo, mwalimu atakaporudisha madaftari. Mwandishi wa programu huambiwa kwamba amekosea papo hapo, labda mara thelathini kwa siku moja. Asiyejua desturi ya kazi hii hudhani kwamba makosa hayo yanamshuhudia kuwa hafai.

Basi na tuwatazame wakubwa wa kazi hii. Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliongoza ujenzi wa kompyuta iliyoitwa EDSAC, iliyoanza kufanya kazi mwezi wa Mei 1949. Mmoja wa mikanda ya karatasi ya siku zile ulihifadhiwa, nao ulikuwa na programu ya Wilkes ya mistari 126 tu. Ulipochunguzwa miaka mingi baadaye, yalionekana humo makosa yapatayo 20. Wilkes mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1985, jinsi siku moja katika mwaka ule wa 1949, akiwa katika ngazi za jengo lao, alivyotambua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itapita katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Naye hakuiacha kazi. Mwaka 1967 alipewa Tuzo ya Turing, iliyo heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta.

Mwingine ni Donald Knuth wa Marekani, aliyepata tuzo hiyo hiyo mwaka 1974. Yeye huwatunza wasomaji wanaogundua makosa katika vitabu vyake, na kila kosa lina thamani ya dola 2 na senti 56. Alipokuwa akitengeneza programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, iitwayo TeX, aliyaandika makosa yake katika daftari, na mwaka 1989 akayachapisha hadharani, nayo yalikuwa mamia.

Wazee walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Katika ufundi huu maneno hayo ni maelezo ya kazi yenyewe. Fundi na mwanagenzi wote hukosea. Tofauti yao ni kwamba fundi amezoea kulitafuta kosa bila kufadhaika.

MASHAKA MAWILI

Pamoja na hayo, si vema kusema kwamba kila shaka ni la uongo. Yako mashaka mawili, na kila moja lina dawa yake.

Shaka la kwanza hutaja kitu. Husema: “Sijui kutumia Git, ile programu ya kutunza nakala za kazi.” Au: “Sijapata kuandika programu inayosoma habari kutoka katika faili.” Au: “Siwezi kueleza kazi yangu kwa Kiingereza.” Shaka la namna hii ni rafiki. Limekuonyesha somo linalofuata. Hatua za kwanza za Git mtu huweza kujifunza kwa siku chache. Kusoma faili kwa lugha ya Python ni kazi ya jioni moja au mbili. Na Kiingereza cha kueleza kazi ndogo hupatikana kwa kuandika sentensi fupi kumi na kuzisoma kwa sauti mbele ya mwenzako mpaka zikae.

Shaka la pili halitaji kitu. Husema: “Mimi si mtu wa mambo hayo.” “Hizo ni kazi za watoto wa mjini.” “Msichana ataweza wapi?” “Wataniona mjinga.” Ukiliuliza, “Ni jambo gani hasa nisilolijua?” halina jibu. Shaka hilo haliondoki kwa kusoma zaidi, maana halikuletwa na upungufu wa elimu. Mwenye shaka hili hujiambia, “Nitaomba nikimaliza somo moja zaidi,” na akimaliza hilo hutafuta jingine, hata nafasi zote zikapita. Dawa yake ni moja: kulifanya jambo lenyewe huku shaka likiwapo.

Kwa hiyo unapohisi hofu chukua karatasi, ugawe safu mbili. Upande mmoja andika kila shaka linalotaja kitu, na mbele yake siku utakazolitumikia. Upande wa pili andika mengine yote. Safu ya kwanza ifanye ratiba yako. Safu ya pili iache kama ilivyo, upeleke maombi.

JINSI YA KUSOMA TANGAZO

Vijana wengi hushindwa kwa kuwa husoma tangazo kama karatasi ya mtihani, ambayo sharti kila swali lijibiwe. Tangazo halisomwi hivyo. Ndani yake mna mambo ya namna mbili.

Kwanza yako masharti yaliyo kama lango: umri, kuwa mwanafunzi wa chuo au kutokuwa, nchi, na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Hayo yaheshimu. Tangazo likitaka miaka 18 nawe una 16, ngoja. Usiseme uongo, maana uongo ukijulikana hukuharibia na kesho.

Pili iko orodha ya maarifa: lugha fulani ya kompyuta, namna fulani ya kutunza habari, uzoefu wa hiki na kile. Orodha hii mara nyingi humweleza mtu ambaye wenye tangazo wangependa kumpata kama dunia ingekuwa kamili. Mara nyingi hakuna mwombaji aliye na yote. Ukiona kwamba unajua lile lililo kubwa katika orodha, na mengine waweza kusema ungeanzaje kujifunza, hiyo yatosha kupeleka maombi. Aliyetoa tangazo amewekwa kuchagua. Hiyo ndiyo kazi yake, tena analipwa kwa ajili hiyo. Kazi yako ni kumpa kitu cha kuchagulia. Ukijikataa kabla hajakuona, umeshika kazi ya mwingine bila mshahara.

KAZI MOJA NDOGO ILIYOKAMILIKA

Kitu hicho cha kuchagulia ni nini? Alama za mtihani husaidia, lakini kinachosema zaidi ni kazi moja ndogo uliyoifanya mwenyewe mpaka mwisho. Programu kubwa iliyoachwa nusu haifikii programu ndogo inayotumiwa na watu watano.

Tuchukue mfano wa maktaba ya shule. Mwanafunzi aweza kuandika programu fupi inayohifadhi jina la kitabu, jina la aliyeazima, na tarehe ya kurudisha, kisha kila asubuhi ionyeshe nani amechelewa. Ataiandika kwa mwezi mmoja, akitumia vipindi vyake vya chumba cha kompyuta. Asiyekuwa na kompyuta nyumbani asikate tamaa. Maagizo yaweza kuandikwa kwanza katika daftari na kufuatwa kwa kalamu mstari kwa mstari, kama kompyuta ingefanya, na mtu aliyezoea hivyo huja katika chumba cha kompyuta akiwa tayari ameyaona makosa yake mengi.

Tuseme sasa programu imeonekana kufanya kazi, lakini mwanzoni mwa Januari haiwaonyeshi baadhi ya waliochelewa. Kuna kitabu kilichotakiwa kurudi tarehe 28/12/2024, na leo ni 05/01/2025, lakini programu inasema mwazimaji hajachelewa. Kwa nini? Mwanafunzi anachunguza, anaona kwamba tarehe zimeandikwa kama maneno, na kompyuta inazilinganisha herufi kwa herufi kuanzia kushoto, kama tupangavyo maneno katika kamusi. Inaona 0 ya 05 na 2 ya 28, inaamua kwamba 05 iko nyuma, wala haifiki kuutazama mwaka. Akiandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, yaani 2024-12-28 na 2025-01-05, kosa linaondoka, kwa sababu sasa linalotazamwa kwanza ni lile lililo kubwa.

Jambo hili dogo lina thamani kubwa kuliko mwanafunzi anavyodhani. Yeye huenda akaona haya: “Programu yangu ilikuwa na kosa la kijinga.” Lakini msaili mwenye ujuzi akisikia habari hiyo atatega sikio. Mbele yake yuko mtu aliyejenga kitu, akaona kimeharibika, hakubahatisha, akatafuta sababu, akaipata, akairekebisha, na anaweza kueleza yote kwa maneno mepesi. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mwandishi wa programu.

BARUA NA USAILI

Barua ya maombi iwe fupi. Sema wewe ni nani, nafasi gani unaomba, kazi gani uliyoifanya, na nini unataka kujifunza kwao. Epuka mambo mawili. Moja ni kujikuza, kama kusema, “Najua kila lugha ya kompyuta.” Jingine, ambalo kwetu ndilo baya zaidi kwa kuwa tunalidhani ni adabu, ni kujidhalilisha: “Najua sina ujuzi, lakini naomba mnihurumie.” Adabu ni kusema kweli kwa heshima. Andika: “Nimejifunza Python kwa mwaka mmoja. Nimeandika programu ya kuazimisha vitabu inayotumika katika maktaba ya shule yetu. Sijatumia bado hifadhi kubwa za habari, na hilo ndilo ningependa kujifunza kwenu.” Hapo hakuna majivuno wala unyonge.

Mpe mwalimu au mwenzako aisome barua kabla ya kuipeleka, kwa ajili ya makosa ya maandishi. Lakini mwekee siku, usije ukaifanya kazi ya kusahihisha kuwa kisingizio cha kutopeleka.

Katika usaili utaulizwa neno usilolijua. Hilo ni hakika kama mvua za masika. Usinyamaze wala usibuni. Sema, “Hilo silijui, lakini nafikiri ningeanza kwa kutazama jambo hili.” Kisha fikiri kwa sauti. Wasaili wengi wazuri huuliza kwa makusudi mpaka wafike mwisho wa ujuzi wako, ili waone unafanya nini ukifika hapo. Kufika mwisho huo si kushindwa.

Ukishapokelewa, shaka litarudi siku ya kwanza utakapoona wengine wanavyoandika haraka. Hapo kumbuka kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini uliza kwa utaratibu. Eleza ulikusudia kufanya nini, ulifanya nini, ulitazamia nini, na nini kilitokea. Swali la namna hiyo halimchoshi msimamizi, na mara nyingi ukiliandika vizuri jibu hulipata mwenyewe kabla ya kufika kwake.

UKIKATALIWA

Utakataliwa. Yafaa tuseme wazi, maana wengi huvunjika moyo kwa kudhani kwamba wao peke yao ndio waliokataliwa. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Pengine nafasi moja huombwa na watu mia. Mara nyingi hutapata hata jibu. Kunyamaza kwao hakusemi neno lolote juu ya akili yako. Huenda nafasi ilijazwa, huenda fedha hazikupatikana, huenda alikuwapo aliyewahi.

Weka daftari la maombi yako: jina la mahali, tarehe uliyopeleka, jibu, na jambo moja ulilojifunza. Ukiwa umeulizwa swali ukalikosa, liandike, ulisome. Kisha peleka jingine. Jipime kwa idadi ya maombi uliyopeleka, kwa kuwa hiyo iko mikononi mwako. Idadi ya waliokubali haimo mikononi mwako.

Neno moja la hadhari. Wako matapeli wanaojua hofu ya vijana. Mtu akikuambia kwamba umechaguliwa, lakini ulipe kwanza ada ya kuandikishwa, usilipe. Mwonyeshe mzazi au mwalimu barua hiyo. Mahali pa kweli pa uanagenzi hapauzi nafasi.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Mzazi ana nguvu nyingi katika jambo hili, hata kama hajapata kugusa kompyuta. Kijana arudipo mikono mitupu, asiulizwe, “Kwa nini hukupata?” bali aulizwe, “Unapeleka wapi tena?” Tena mzazi asiseme mbele ya binti yake kwamba kazi hii ni ya wanaume. Wanawake walikuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa programu. Grace Hopper wa Marekani alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuandika programu, tangu miaka ya 1940. Na Margaret Hamilton aliongoza kundi lililoandika programu za chombo cha Apollo 11, kilichowafikisha watu mwezini mwaka 1969. Msichana ajuaye hayo ana jibu shaka litakapomjia.

Mwalimu naye anaweza kusaidia kwa jambo jepesi: akosee mbele ya darasa. Programu yake ikikataa ubaoni, asiifute upesi. Aitafute sababu pamoja na wanafunzi, kwa sauti, bila haya. Katika nusu saa hiyo watajifunza kwamba kosa ni jambo la kuchunguzwa, na yule wa nyuma aliyedhani yu peke yake atajua kwamba hata mwalimu hupita njia hiyo hiyo. Tena ingefaa kila darasa la kompyuta liwe na kazi moja kwa muhula inayotumika kweli katika shule, kama orodha ya maktaba, hesabu za duka la shule, au zamu za usafi, ili mwanafunzi atokapo hapa awe na kitu cha kuonyesha.

Mwisho, wenzangu wanafunzi, tusiongoje siku ambayo shaka litaondoka lote. Kwa watu wengi haliji kuondoka. Hupungua tu kwa kadiri kazi zilizomalizika zinavyoongezeka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muhula huu, kila mmoja wetu achague kazi moja ndogo, aifikishe mwisho, amwonyeshe mtu mmoja, na ayaandike makosa aliyoyakuta humo na namna alivyoyaondoa. Siku tangazo litakapotokea naye ametimiza masharti ya lango, atakuwa na la kusema. Achukue kalamu, aandike barua, aipeleke kabla ya tarehe ya mwisho. Kuamua kama anafaa ni kazi yao wao waliotangaza.